Mlango Uliofungwa Saa Saba Mchana

Jumba la mahakama la Kaunti ya Tarleton lilipopigwa na radi na kuungua, mwezi wa Agosti, karatasi zake hazikufa zote. Nyingine ziliruka. Moto ulizisukuma juu kupitia mnara wa saa, upepo ukazipokea na kuzivusha mto Salt Fork, na kwa siku tatu watu waliokuwa wakikata nyasi za mifugo waliona majina ya babu zao yakishuka polepole kutoka angani, yameungua pembeni. Mama mmoja aliokota nusu ya talaka ndani ya ndoo ya maziwa. Mchungaji wa Wamethodisti alikuta hukumu ya mwizi wa farasi imelala juu ya paa la kanisa. Watoto walikimbiza wosia za matajiri shambani, wakazishika kwa kofia.

Mtu aliyehuzunika kuliko wote alikuwa Orrin Tackett, karani wa kaunti. Kwa miaka thelathini na mitatu kila ndoa, kila kipande cha ardhi na kila kesi ya ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani ilikuwa imepita chini ya kalamu yake. Alisimama kwenye nyasi za uwanja, mikono imening'inia, akaiangalia kengele kubwa ikianguka kutoka mnarani na kuzama ardhini hadi nusu. Watu walimwogopea. Walidhani naye ataanguka.

Lakini Orrin hakuanguka, kwa sababu Orrin hakuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa kukumbuka. Mkewe, Lavinia, alikuwa amefariki miaka sita nyuma na hawakujaliwa mtoto. Na kichwa chake, watu walisema, kilikuwa daftari jingine ambalo radi haikulipata.

Jaji Pomeroy alilijua hilo. Alikuwa mzee mnene, mkali, mwenye masikio mazuri na magoti mabaya, na wiki moja baada ya moto alitoa amri. Litafunguliwa daftari jipya. Yeyote aliyekuwa na jambo lake ndani ya vitabu vilivyoungua aje aape, alete mashahidi wawili walioona kwa macho yao. Akikosa mashahidi, neno la karani litatosha. Karani akinyanyua mkono na kusema nakumbuka, basi imekumbukwa. Kila mtu akaliita Daftari la Kukumbuka, na tangu siku hiyo Orrin akawa na mamlaka ambayo hata Jaji mwenyewe hakuwa nayo.

Ofisi ilihamia ghala la Tobe Renfro, muuza chakula cha mifugo, kati ya magunia ya shayiri na mapipa ya asali ya miwa. Msururu wa watu ulitoka mlangoni ukazunguka kona hadi kwa kinyozi. Walikuja na mayai, na mtoto kiunoni, na vipande vya karatasi vilivyoungua wamevifunga ndani ya leso. Walikuja kuoana upya bila kuoana.

"Ilikuwa Alhamisi," alisema mzee Elkins, mbele ya meza.

"Ilikuwa Ijumaa, na ulikuwa umelewa," mkewe akamjibu.

"Kama nilikuwa nimelewa, basi hiyo ni Jumamosi, mama. Mimi nina utaratibu wangu."

Orrin hakuinua kichwa. "Ilikuwa Jumatano, tarehe tisa Juni. Mvua ilinyesha asubuhi. Na ulikuwa mzima kabisa, Bwana Elkins, ila kofia uliivaa nyuma mbele."

Msururu wote ukacheka, na bibi Elkins akampiga mumewe kidogo begani, kwa furaha. Walitoka wameshikana mikono, nao hawakuwa wameshikana mikono miaka mingi. Ndivyo siku zilivyopita, Septemba ikaingia, majani ya miti ya mtoni yakaanza kugeuka manjano. Orrin aliandika. Wakati mwingine alihisi kwamba haandiki yeye, bali kaunti yenyewe imelala na inaota, na mkono wake unafuata ndoto.

Adhuhuri alipenda kwenda kukaa ndani ya magofu. Kuta nne zilikuwa zimesimama bado, matofali mekundu yenye masizi, madirisha hayana vioo, na juu hakuna kitu ila mbingu. Alikula mkate wake pale palipokuwa meza yake. Akifumba macho aliliona jumba la kwanza kabisa, alilosimuliwa na babu yake, lile la magogo, ambamo nguruwe walilala chini ya sakafu na jaji alilazimika kupiga mguu chini ili wanyamaze asome hukumu. Aliwaona mafahali wakiburuta mawe ya msingi kutoka machimboni. Aliiona ile wiki ya mahakama, mara nne kwa mwaka, kaunti nzima ilipomiminika mjini hata asiye na kesi, watu wamekaa juu ya ukuta wa uwanja wakila karanga, wakibadilishana farasi na uongo. Hapa ndipo kura zilipohesabiwa. Hapa walisomewa majina vijana waliokwenda vitani, na hapa yalisomwa majina ya wasiorudi. Palikuwa mahali pa kila mtu, na yeye ndiye alikuwa na ufunguo.

Hapo, kwenye ufunguo, ndoto yake ilikuwa ikikatika kila mara. Aliinuka, akajipangusa makombo, akarudi ghalani.

Mwanzoni mwa Oktoba Tobe Renfro alikuja akaegemea meza. Tobe alikuwa mtu wa maneno mengi na mwenye moyo mzuri, na hivyo viwili havikuwahi kumsaidia kunyamaza.

"Umesikia ya Clell Stroud?"

"Sikusikia."

"Anamfukuza Zerelda. Shemeji yake! Hobart hajamaliza miezi sita kaburini. Clell anasema Hobart hakuoa kamwe, hana mtoto, kwa hiyo shamba ni la kaka mtu. Anasema Zerelda alikuwa mpishi tu. Mpishi! Miaka thelathini na moja!" Tobe alitema mate pembeni. "Kesi ni Jumatatu, mbele ya Jaji. Na mjinga yule anatembea akisema, muulizeni Orrin, Orrin hasahau kitu. Basi wewe andika tu, maneno yaishe."

Kalamu ya Orrin ilisimama. Tone la wino likaanguka juu ya karatasi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Daftari lifunguliwe.

"Niandike nini?"

"Kwamba walioana. Si walioana? Mimi nilikula karamu yao. Kaunti nzima ilikula. Mimi ndiye niliyepiga sufuria chini ya dirisha lao usiku ule, kama wafanyiwavyo maharusi wapya, mpaka Hobart akatoka na bunduki na tabasamu."

"Ulikula karamu," Orrin alisema. "Mahakamani ulikuwepo?"

"Nani alikuwepo? Barafu ilikuwa inapasuka mtoni siku ile. Walivuka wawili tu na mwenye kivuko, na yeye amekufa zamani. Walirudi jioni tukawakuta wameoana."

Orrin alisema ana kazi, na Tobe akaenda zake kuuza shayiri.

Ilikuwa kweli kwamba Orrin hasahau. Alikumbuka tarehe ishirini na mbili Februari, mwaka ule wa sabini na nane, saa saba mchana. Alikuwa karani kijana mwenye kola mpya. Saa ya mnara ilikuwa imewekwa wiki hiyo hiyo, na binti mmoja aitwaye Lavinia Crabtree alikuwa ametamani kuiona ndani. Alikuja na pai ya tufaha ndani ya kikapu. Orrin alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, mchana kweupe, saa za kazi, siku ya watu, wakapanda ngazi mia moja na nne wakakaa katikati ya magurudumu ya saa. Mwanga uliingia kupitia uso wa kioo ukamwangukia Lavinia mashavuni. Saa ilipiga saba, na katika tetemeko lile, hawasikiani, Orrin alimwambia kwamba anampenda, naye Lavinia akaangua kicheko kwa sababu alikuwa ameona midomo tu.

Ndipo wakasikia mlango ukigongwa.

Orrin alichungulia. Chini, kwenye theluji ya kijivu, walisimama mwanamume na msichana. Msichana alikuwa amevaa gauni la bluu na ameshika viatu vyake vizuri mkononi ili visilowe, miguuni ana mabuti ya mtu mwingine. Waligonga. Wakangoja. Wakagonga tena. Lavinia alisema, "Nenda basi," na Orrin akasema, "Watarudi kesho," akachukua kipande kingine cha pai.

Hawakurudi kesho. Barafu ilipasuka, mto ukafurika wiki tatu na kuchukua kivuko. Na alipokuja kuwaona tena, sokoni wakati wa machipuo, kila mtu alikuwa akimwita msichana yule Bibi Stroud, naye tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Orrin alifungua vitabu vyake akatafuta, ingawa alijua. Hakukuwa na kitu. Hakumwambia mtu. Hata na Lavinia hawakulitaja kamwe kwa maneno, ila kila mwaka, tarehe ishirini na mbili Februari, alipika pai ileile na wote wawili walikula kidogo sana. Mtoto wa akina Stroud alizaliwa mfu. Hakupatikana mwingine.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na mjukuu huyu alikuwa amefika ghalani na kukaa juu ya gunia.

Jumamosi mchana, baada ya msururu kuisha, Orrin alifungua Daftari kwenye ukurasa safi. Aliandika kwa mwandiko wake bora: Hobart Stroud na Zerelda Pike, tarehe 22 Februari 1878, kibali kilitolewa na ndoa ikafungwa mbele ya karani, ambaye anakumbuka. Ulikuwa uongo wa kwanza kuandikwa katika Kaunti ya Tarleton kwa mkono wake, na aliona ni mzuri. Alihisi mwepesi, karibu kama kijana. Nani angeumia? Clell tu, na Clell alistahili.

Mlango wa ghala ukafunguka akaingia Zerelda mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kazi na nywele nyeupe zilizobanwa nyuma, na alibeba kikapu cha mayai bila mayai. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi.

"Vimeangukia kwenye mizinga yangu ya nyuki, Bwana Orrin," alisema. "Nilingoja baridi nyuki watulie. Tazama, hiki ni cha ndoa ya akina Dunaway, na hapa pana mtu amemshtaki mwenzake kwa kumwita nyani. Nimeona wenyewe watavitaka."

"Ahsante, Bi Zerelda. Keti." Aligeuza Daftari likamwelekea. "Na mimi nina chako."

Zerelda alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena. Kidole kikatulia juu ya jina la Hobart, kikakaa hapo muda.

"Umeandika vizuri," alisema. "Futa."

"Mama, Jumatatu Clell..."

"Najua Jumatatu kuna nini. Futa, Bwana Orrin. Mimi na Hobart hatukuozwa na wewe. Tulikuja tukakuta mlango umefungwa. Tuligonga mpaka vidole vikafa ganzi, na mwenye kivuko alisema baada ya saa tisa havuki tena, tukarudi. Kufika nyumbani, meza zimepangwa hadi uani. Mama amechinja nguruwe wawili. Clell anakaza nyuzi za fidla yake. Hobart akanitazama, mimi nikamtazama, hakuna aliyeweza kusema. Tukasema moyoni tutakula leo, tutaoana mto ukipungua. Halafu mto ukapungua na aibu ikaongezeka. Ungekwendaje mahakamani kuolewa na watu wameshakula nguruwe wako?"

"Lakini utapoteza shamba!"

"Huenda nitapoteza. Nimelilima mimi, nimemzika mwanangu pale chini ya mti wa jozi, nalia hata nikisema sasa hivi, unaniona. Lakini Jumatatu nitanyanyua mkono wangu. Ukiandika hivi, nami nitalazimika kuapa hivi. Miaka thelathini na moja nimewaacha watu waamini, sikuwahi kuapa. Hobart nilikuwa naye kweli. Sitaki awe kwenye daftari kwa uongo."

Orrin alichukua rula akachora mstari katikati ya maneno yake mazuri. Alitaka kusema: nilikuwa juu, niliwaona, nilikuwa nakula pai. Zerelda alikuwa akiondoka tayari, akijifunga mtandio, na alisimama kidogo mlangoni akimtazama kwa namna aliyoshindwa kuielewa. Kisha akatoka. Orrin alikaa na vipande vya karatasi vilivyonukia nta ya nyuki mpaka giza likaingia, akijichukia waziwazi.

Sasa, Jaji Pomeroy alikuwa na jambo lake moja ambalo hakuna aliyeweza kumwachisha. Wamethodisti walimpa kanisa, wenye benki walimpa ukumbi wenye jiko. Alikataa. Kaunti huhukumiwa mahali pake, alisema, na mahali pake hapajaungua, limeungua paa. Kwa hiyo Jumatatu saa nne asubuhi mabenchi yalipangwa ndani ya zile kuta nne, Jaji akaketi kwenye kiti cha jikoni cha Tobe na blanketi magotini, na majani mekundu ya miti ya uwanjani yakawa yanaingia kwa juu, moja moja, yakitua kwenye kofia za watu na juu ya Daftari. Hakuna aliyeyapangusa. Mji wote ulikuwepo. Kengele iliyozama ilikuwa nje, imelala ubavu, na mbwa alikuwa amelala ndani yake.

Clell Stroud alisimama kwanza. Alikuwa mwanamume mdogo, mwenye masharubu yaliyotunzwa kuliko shamba lake.

"Mheshimiwa, mimi sina chuki na huyu mama," alisema. "Lakini ndugu yangu aliniambia kwa mdomo wake, mwaka juzi, akiwa na homa. Hawakuoana. Na mimi nasema hawakukusudia kuoana! Siku ile walikuja mjini kununua sukari, wakarudi, wakatudanganya sote. Aliishi naye kwa kupika na kufua. Mpishi hana urithi."

"Hiyo sukari," Jaji alisema, "una shahidi wake?"

"Na yeye ana shahidi wa mahakama? Muulize Orrin! Orrin hasahau."

Jaji alimgeukia Zerelda. Aliapa, akasimulia kama alivyosimulia ghalani, neno kwa neno karibu, ila hapa hakulia. Mlango ulikuwa umefungwa, alisema. Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Watu waliokula nguruwe wale walitazamana.

"Saa saba mchana, siku ya kazi?" Jaji alikunja uso. "Mahakama hii haifungwi saa za kazi, Bi Zerelda. Sheria inasema mlango wa kaunti utakuwa wazi. Nimekaa hapa miaka ishirini na tano sijawahi kuukuta umefungwa."

"Hata mimi sikuwahi kuukuta tena, Mheshimiwa."

"Unaona!" Clell alipiga goti lake. "Mlango umefungwa! Hata uongo wenyewe haukupikwa ukaiva!"

Jaji alishusha pumzi. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Mama, sheria ya nchi hii ni kongwe na ina huruma kidogo. Mwanamume na mwanamke wakija kwa nia ya kuoana, wakajitangaza mbele ya watu, wakaishi hivyo, ni mume na mke, karatasi au hakuna karatasi. Lakini nia, hiyo lazima ishuhudiwe. Nani aliwaona mlangoni?"

"Mwenye kivuko peke yake alijua tulikokwenda, Mheshimiwa. Amekufa."

"Mwingine?"

Jani lilishuka kati yao. Orrin aliketi mezani pake, kalamu mkononi, na kwa muda aliona kwamba yuko mnarani bado, kwamba miaka yote ilikuwa adhuhuri ileile ndefu, mwanga mashavuni mwa Lavinia, na kugongwa kule kunaendelea, kunaendelea, na hajashuka. Aliweka kalamu. Akasimama. Akanyanyua mkono wa kulia, ingawa hakuitwa.

"Nakumbuka," alisema.

Tobe Renfro akatabasamu, akidhani uongo umefika.

"Mlango niliufunga mimi. Saa sita na nusu. Nilipanda mnarani na binti niliyetaka kumwoa, tukala pai. Waligonga mara mbili, Mheshimiwa. Niliwaona kwa macho yangu. Yeye alikuwa na gauni la bluu, ameshika viatu vyeupe mkononi. Hobart alikuwa na jani la mwerezi kwenye kofia, kama bwana harusi. Mtu haendi kununua sukari hivyo. Nilijua wamekuja kuoana, na sikushuka, kwa sababu nilikuwa na furaha na sikutaka ikatike. Nikasema watarudi kesho." "Kaunti ilinipa ufunguo, nikawafungia nje wenye nyumba."

Mbwa alitoka kwenye kengele akajinyoosha.

Jaji alimtazama. "Kwa nini umenyamaza miaka thelathini na moja?"

"Kila mwaka ulizidi kuwa mgumu kuliko uliotangulia."

"Hilo," Jaji alisema, "liliwakuta hata wao." Aligeukia mabenchi. "Waliokula karamu ile, simameni."

Walisimama. Kwanza Tobe, kisha akina Elkins, kisha benchi zima la nyuma, wazee wakiinuliwa kwa viwiko na wajukuu. Clell alibaki amekaa, anatazama kucha zake.

"Wewe, Clell!" bibi Elkins alimwita. "Ulipiga fidla mpaka alfajiri, na ulikula sahani tatu. Mimi ndiye niliyekupakulia. Simama, usituaibishe!"

Kicheko kilipanda kuta zile kikatoka juu. Clell alisimama, mwekundu mpaka shingoni. "Shemeji," alianza, kisha akaketi.

Hukumu haikuchukua dakika mbili. Zerelda Stroud ni mjane wa Hobart Stroud, na shamba ni lake. Iandikwe kama ilivyotokea, Jaji alisema, na mlango uandikwe. Halafu akajikuna kidevu, na ilionekana wazi kwamba sehemu iliyofuata ilimuuma.

"Bwana Tackett. Ukishaandika, weka kalamu mezani na usiichukue tena. Mwenye ufunguo wa kaunti hafungi mlango. Kama ningekuacha leo, ningekuwa nimeufunga mimi."

"Ni haki, Mheshimiwa," Orrin alisema, na aliamini hivyo.

Aliandika taratibu. Walifika saa saba mchana kwa nia ya kuoana, wakakuta mlango umefungwa na karani, wakarudi kula karamu yao, na kaunti nzima ni shahidi. Jani lilikuwa limelala juu ya ukurasa, akaandika kulizunguka. Alipomaliza aliifuta kalamu kwa kitambaa chake mwenyewe, akailaza.

Watu walitoka kwa makundi wakizungumza kwa sauti ya chini. Wengine walimpita Orrin bila kumtazama. Tobe alimgusa bega, akaenda kuchukua kiti chake cha jikoni. Zerelda alibaki. Alikuja akaketi kwenye benchi mkabala naye, kikapu magotini, wakawa wawili tu ndani ya kuta zile na mbingu juu.

"Nisamehe," Orrin alisema. "Ningeshuka ngazi zile, ungekuwa na karatasi yako."

"Tuliwasikia," Zerelda alisema.

Orrin aliinua kichwa.

"Tukiwa pale mlangoni. Saa ilipiga, halafu juu kabisa mwanamke akacheka. Kicheko kama hicho sijakisikia tena, mpaka mwaka uliofuata, nilipokuwa dukani kununua kitambaa na mkeo akacheka nyuma yangu. Nikamjua palepale." Alitabasamu kidogo. "Nilitaka kugonga mara ya tatu, Bwana Orrin. Nilikuwa na hasira, miguu imelowa. Hobart akanishika mkono. Akasema, waache, Zee. Hao wako na siku yao. Sisi tutakuja kesho."